Mlango wa Triko la Neema

Mpendwa yaya Riziki, dada yangu mkubwa,

Kama barua hii itakukuta huko Walikale, sijui. Simu yako imeacha kuita tangu mavuno ya maharage yaliyopita, na kunyamaza kumenishinda.

Unakumbuka siku uliyonifundisha kufuma? Tulikaa kwenye kibaraza cha kanisa hapa Kingi, nikiwa na sindano mbili ulizonichongea kwa vyuma vya gurudumu la baiskeli, na uzi tulioutoa kwenye triko kuukuu la papa, lile sweta la baba yetu. Lugha yenu ninyi akina mama wafumaji sikuielewa hata kidogo. Kuanza kazi mliita kupanda, na kufumua mliita kulima upya. Aliyekaza uzi alikuwa na mkono wa ugali, aliyelegeza alikuwa na mkono wa uji, na wangu ulikuwa uji mtupu. Kitanzi kikanichomoka kwenye sindano.

"Mutoto ameanguka," ukaniambia. "Mukamate mbele ya kufika chini."

Mzee mmoja aliyekuwa akipita na jembe lake alikimbilia pale, akaanza kumtafuta mtoto chini ya benchi. Tulicheka mpaka ukapotewa na hesabu ya vitanzi vyako.

Na kumaliza kazi mliita kufunga mlango. Ulinionya kwamba mlango hufungwa na mkono uliopanda. Mwingine akiufunga, ni kwamba mwenyewe ametutoka. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama yetu. Tulipotoka kumzika, wewe ndiye uliyefunga shali lake huku unalia.

Sasa niambie nifanye nini, yaya. Ulipokwenda machimboni huko Walikale kumtafuta baba Neema, uliniachia mtoto wenu na triko lake lililobakia mkono mmoja tu. Ulisema wiki mbili. Ulipochelewa nikauendeleza ule mkono, nikafika kwenye kiganja, nikaogopa kufunga. Basi nikaendelea kufuma, kila Jumamosi mistari miwili au mitatu, kwa sababu mlango ukiwa wazi na wewe uko hai. Ule mkono ukafika magotini kwa mtoto. Watu walinicheka, na walikuwa na haki.

Mvua zikaja, Neema akaanza kukohoa ndani ya kitenge chako, na triko lake liko kwenye sindano. Juzi Mama Vumilia, anayetuongoza sisi wafumaji sasa, alinikalisha pembeni.

"Funga mulango," akasema. "Mutoto iko anateseka na baridi, na ule mama yake hatarudi tena."

Nilimchukia, na mpaka leo namchukia, ingawa najua hana kosa. Nilifika nyumbani nikamkuta Neema amejikunja karibu na jiko, midomo imekauka kwa homa. Sikuweza kuvumilia tena.

Nililima upya, yaya. Nilifumua Jumamosi zangu zote mpaka nikarudi kwenye kiganja, kisha nikafunga kitanzi kimoja kimoja, na kwa kila kimoja nilikuomba msamaha. Nimechoka kukungoja na sijui kuacha. Nikisikia pikipiki imesimama njiani bado natoka kuangalia.

Lakini kuna jambo moja sikulifanya. Ule uzi wa mwisho, ambao ulinifundisha kuulaza ndani usionekane, nimeuacha unaning'inia nje. Unajua mwenyewe, mlango wetu hufunguliwa kwa uzi huo huo. Njoo uufungue, ufunge kwa mkono wako, hata kama triko litakuwa limeshambana mtoto.

Jana jirani alileta mkasi ili aukate. Neema alirudi nyuma, ameushika uzi kwa mikono miwili.

"Muache," akamwambia. "Hii njo uzi ya mama."

Nakungoja mlangoni,
mdogo wako.