Leo Nimekataa Kumtoa Mwanangu

Jumapili, magharibi. Barani, Malindi. Joto la kunata, mawingu yamejaa tangu asubuhi na hayajatoa hata tone. Nimerudi kutoka Jilore nikiwa nimeitwa mchoyo na mama yangu mzazi. Naandika kabla hasira haijapoa, maana ikipoa nitaanza kujieleza kwa adabu.

Leo sitaki adabu.

Mama alituita nyumbani baada ya ibada, mimi, mume wangu Charo na watoto wetu watatu. Nilikuta jogoo ameshachinjwa na wali wa nazi umeshaiva. Dada yangu Kadzo alikuwa amekuja kutoka Kilifi, amekaa mkekani. Baba Mkubwa, kaka yake marehemu baba, alikuwa amewekewa kiti chenye mgongo. Hapo ningepaswa kujua. Mama hachinji jogoo kwa sababu ya kunipenda tu.

Kadzo ameolewa miaka mingi na hajajaliwa mtoto. Mimba zimemharibikia zaidi ya mara moja. Ile ya mwisho nilikuwa naye hospitalini, nimemshika mkono, na sauti aliyoitoa sijaisahau. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba siujui uchungu wa dada yangu.

Tulipomaliza kula, Baba Mkubwa alikohoa kidogo, akaanza. Mungu amenijalia watatu, na dada yangu yuko mikono mitupu. Basi Mbeyu, binti yangu wa kati, aende Kilifi akawe mtoto wa Kadzo.

Mbeyu yuko gredi ya kwanza. Meno ya mbele yameng'oka juzijuzi. Bado akiwa chooni huniita, nimwitikie tu ajue nipo.

“Si kwamba unampoteza,” Baba Mkubwa akasema. “Unamsaidia ndugu yako. Na baba yake ameshakubali.”

Nikamgeukia Charo. Alikuwa akiangalia viatu vyake.

Kisha Mama, kwa sauti tamu kabisa, akamwambia Mbeyu achukue kidumu akamletee maji kwa jirani.

“Mbeyu, kaa,” nikasema. “Huendi popote.” Sauti ilinitoka kubwa hadi kuku wakatawanyika.

Walinitazama kana kwamba nimerukwa na akili. Wamesahau. Mimi mwenyewe nilitolewa. Nikiwa na umri huu wa Mbeyu nilipelekwa Vitengeni kwa shangazi, dada yake baba, kwa sababu alikuwa mpweke. Hakunitesa. Nilikula, nilivaa, nilisoma, na hata harufu ya leso zake niliipenda. Lakini kila Mama alipokuja kuniona, saa yake ya kuondoka ikifika nilitumwa maji. Nikirudi na kidumu kichwani, Mama hayupo.

Walifanya hivyo ili nisilie. Nami nikajifunza kutolia. Nikajifunza pia kukataa kwenda maji mgeni akiwepo, nikachapwa kwa ukaidi. Shangazi alipofariki nikarudishwa Jilore, nikakuta Kadzo na Mama wana utani wao, wanacheka mambo nisiyoyaelewa. Mpaka leo, nyumbani kwa mama yangu, naomba ruhusa kufunua sufuria.

Haya yote nimeyasema leo, mbele yao, kwa mara ya kwanza.

Mama aliinamisha uso. Nikadhani amenielewa. Kumbe alikuwa anatafuta neno.

“Kule ulikula ukashiba,” akasema. “Mbona umekuwa mchoyo hivi? Watu hujinyima kwa ajili ya wenzao.”

“Kujinyima ni sawa, Mama. Lakini hapa atakayenyimwa ni Mbeyu.”

Baba Mkubwa akasusa chai.

Tulipokuwa tunaondoka, Kadzo alinifuata njiani. Alisema hakuwatuma, lakini kama ningekubali angemchukua Mbeyu, na hataki kunidanganya. Nikamwambia najua, dada.

“Mama aliniambia mmeshapatana,” akasema. “Nimeshanunua kitanda.”

Hapo ndipo nilipokaribia kushindwa. Si kwa Baba Mkubwa wala kwa Mama. Kwa hicho kitanda kidogo kilichotandikwa Kilifi. Nilinyoosha mikono nimkumbatie, akarudi nyuma, akageuka akaenda zake.

Sikumfuata. Nilimshika Mbeyu mkono, nikatembea.

Charo ameniambia tulipofika nyumbani kwamba yule ni mama mkwe, angemkatalia vipi? Nikamjibu: kwa mdomo, kama nilivyomkatalia mimi. Ameenda kukaa nje. Akae.

Nimelizungusha kichwani neno hilo, mchoyo. Maisha yangu yote nimekuwa yule asiye na neno, wa kuamka kwanza na kula mwisho, na hakuna aliyewahi kuwaita jamaa wote wanisifu kwa hilo. Nimekataa mara moja, wameniona. Na wakarimu wa leo walikuwa nani? Baba Mkubwa, ambaye wanawe wote walikulia nyumbani kwake. Mama, aliyekwisha kutoa mtoto mmoja na sasa anatoa wa mwenziwe. Charo, aliyeona aibu kusema hapana. Wote walikuwa wanatoa, na mwenye kutolewa hakuna aliyemuuliza.

Naweza kumpa Kadzo likizo zangu. Naweza kumpa nafasi nyumbani kwangu, aje amsuke Mbeyu, amwimbie, amgombeze hata. Akiamua kutafuta mtoto asiye na mtu ili amlee kwa njia ya sheria, nitafuatana naye kila ofisi. Hivyo ni vyangu, natoa.

Na niseme ukweli wote, kwa sababu hapa ni kwangu. Hata kama nisingewahi kufika Vitengeni, ningekataa vilevile. Namtaka mwanangu kwa sababu namtaka. Kama huo ni uchoyo, basi naupokea, tena nauvaa kwenda nao sokoni.

Kesho nitampigia Kadzo. Huenda asipokee. Nitapiga tena kesho kutwa. Mama naye atanuna mpaka atakapochoka.

Sasa hivi nimetoka kumwogesha Mbeyu. Povu likimtiririka masikioni, akaniuliza kama angekuwa mbaya ningempeleka Kilifi. Nikamwambia hapana. Akauliza, na akiwa mzuri sana?

Sikutegemea hilo. Nilikuwa hivyo hasa mimi, mtoto mzuri sana.

“Hata ukiwa mzuri sana,” nikamwambia. “Unakaa.”

Akafumba macho, akainamisha kichwa nimmwagie maji.