Pindo la Krismasi

24 Novemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Kikohozi kimekuachia? Sisi wazima, tena wazima wa kupitiliza! Baba, sikujua ndoa ni tamu hivi. Mume wangu akirudi kutoka kutengeneza mafriji ya watu, kitu cha kwanza ananishika mashavu kwa ile mikono yake ya baridi, mimi naruka, yeye anacheka. Jana chakula kiliungua, akakimaliza chote, eti moshi nao ni kiungo. Siku hizi nacheka peke yangu sokoni, watu wananiangalia.

Wewe je? Nani anakupigia pasi?

Binti yako,
Sindano

3 Desemba

Mwanangu Sindano,

Marahaba. Kikohozi kimeondoka, nimebaki mimi. Mshukuru huyo mkwe wangu. Mimi kwa marehemu mama yako nilivumilia chumvi miaka yote, wala sikuthubutu kuiita kiungo.

Gauni lako nimeshalishona. Rangi sisemi. Limebaki pindo, nawe unajua pindo la Krismasi silipindi mpaka usimame juu ya stuli, mimi nimepiga magoti na pini mdomoni, nakufokea uache kutikisika. Tangu uanze kutembea hatujaruka hata mwaka mmoja.

Njooni, mwanangu. Zawadi msilete. Mfike mchana, mwanga ukiwa mzuri, nikuone vizuri.

Baba yako

12 Desemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mbona mistari yako inapanda mlima? Ulikuwa unaandika huku unakula?

Sasa usinikasirikie. Hii ni Krismasi yetu ya kwanza, Baba, na mume wangu ameomba tuifanye sisi wawili tu, mlango tumefunga, pazia jipya, mshumaa mezani. Angeniomba mwezi ningempandia ngazi. Nililia kidogo nikikufikiria, akanikumbatia, nikasahau nilikuwa nalilia nini.

Lakini hatujakusahau! Tumekutumia cherehani ya umeme, ina taa yake kabisa juu ya sindano. Basi tena kukanyaga pedeli! Pindo likisie tu, mwili wangu unaujua. Nimenenepa kidogo kwa raha. Pasaka tutakuja, naapa.

Binti yako mwenye furaha,
Sindano

8 Januari

Mwanangu Sindano,

Marahaba. Usishtuke na mwandiko. Ni wa jirani yangu muuza magazeti, naye anaandika kila ninachosema, nimemkataza tu kuandika kikohozi.

Cherehani ilifika salama. Wanasema ni nzuri sana. Wanasema na taa yake inawaka vizuri.

Siku ya Krismasi nilitoa stuli nikaiweka dirishani. Sikuwa nakungoja, ulishaniambia. Mazoea tu. Siku ile jicho la kushoto lilikuwa bado linatenga kitambaa cheupe na cheusi. Kabla mwaka haujaisha nalo likazimika, likamfuata mwenzake. Daktari alinionya tangu Oktoba. Nilitaka tu nikuone ndani ya lile gauni kwanza. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa unacheka kwenye kila mstari, nami sikutaka kuingia na kilio kwenye fungate ya watu.

Gauni liko ukutani. Pindo sikulikisia.

Usilie sana, mkwe wangu atadhani nimekuchapa.

Baba yako

12 Januari

Baba,

Shikamoo. Hujambo nimeshindwa kuiandika.

Barua yako nilimpa mume wangu anisomee tena, nikidhani nimesoma vibaya. Aliposoma pale pa stuli akatoka nje. Aliporudi alikuwa ameshaomba ruhusa kazini. Anasema yeye ndiye aliyekunyima, mimi nasema ni mimi. Mshumaa ule uliisha hata kabla hatujamaliza kula, Baba. Ungeweza kuwashwa siku nyingine yoyote.

Jirani yetu, tafadhali msomee polepole hapa.

Tunakuja Jumamosi, mikono mitupu. Gauni asiliguse mtu. Nitapanda stuli, wewe utakishika kitambaa kwa viganja, mume wangu atakushikia pini. Nifokee kama zamani. Sitatikisika. Ukimaliza nitakueleza lilivyonikaa, mbele na nyuma, sitaacha kitu.

Tutafika mchana, kama ulivyotaka.

Mwanao,
Sindano