Bibi Harusi wa Mama

Nyumba ya nyuma, mlango wa bluu
Alhamisi, tarehe 9

Kaka mpendwa,

Tafadhali usifungue boksi alilokuletea dereva kabla hujamaliza kusoma. Salamu kwanza. Hamjambo, wewe, wifi na watoto? Kile kifua cha wifi kimepona? Mimi ni mzima, ila usingizi sina.

Unakumbuka baada ya msiba wa baba mama alivyokaa miezi akitazama ukuta. Ni vifaranga waliomtoa chumbani. Sasa wana miezi mitatu, na mama anakula vizuri, anaimba hata.

Wiki mbili zilizopita mwenye nyumba alikuja akasimama uani, mikono nyuma. Mitetea hana neno nao, alisema, lakini jogoo akiwika hata mara moja, kuku wote watoke. Nesi wa ghorofani analala asubuhi baada ya zamu, na ameshalalamika.

Tukaanza kuwachambua. Mama akashika njia ya baba: unamwinua kuku kwa ngozi ya shingo, akikunja miguu ni jike, akiining'iniza ni dume. Mimi nikaangalia kilemba cha kichwani, na manyoya ya mgongoni karibu na mkia. Ya jike yana ncha ya mviringo, ya jogoo ni membamba na yamechongoka. Nikawafunga nyuzi za cherehani miguuni, nyekundu kwa madume, nyeupe kwa majike. Kwa kumi tulikubaliana, na wanne wa uzi mwekundu wakaenda kwa mwenye bucha.

Ugomvi ulikuwa wa yule wa kumi na moja, mweupe pepepe, ambaye mama alimwita Bibi Harusi. Kilemba chekundu, miguu minene, manyoya yamechongoka kama sindano zangu. Mama akamwinua, naye akakunja miguu.

"Unaona? Jike. Au unataka kusema baba yako hakujua kitu?"

Nikafyata mkia, kaka, nikamfunga uzi mweupe.

Jumatatu alfajiri Bibi Harusi alipanda juu ya ndoo, akanyoosha shingo, akatoa sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Nilikurupuka, nikakaa kwenye cherehani, nikaikanyaga kwa nguvu bila hata kipande cha kitambaa, mradi kelele imfunike. Jumanne hivyo hivyo. Jana pia, na safari hii sauti ilikuwa karibu kunyooka. Nesi akanikuta kwenye ngazi.

"Dada, hizo nguo za nani zisizokwisha?"

Nilicheka, nikampisha apite. Mwenye nyumba anakuja kukagua Jumamosi.

Jana jioni uzalendo ukanishinda. Nikamwambia mama waziwazi: huyo ni jogoo, na kwa ajili yake utawakosa wote. Nilidhani atalia. Akaendelea kuchambua mchele.

"Najua. Nilijua kabla yako."

Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa uani.

"Baba yako hakuwahi kupatia hata siku moja. Akishaenda kazini, nilikuwa nawapanga upya. Akirudi anawatazama, anajisifu mpaka usiku."

Tulicheka mpaka machozi, kaka. Yangu yalikauka, yake yakaendelea.

"Nilitaka awike vizuri mara moja tu. Baba yako aliamka kwa jogoo miaka yote. Nyumba hii imenyamaza mno, mwanangu."

Nilimkasirikia na kumwonea huruma kwa pamoja. Niliwaza siku tatu nilizokanyaga ile cherehani, na mama yuko kitandani ametega sikio.

Leo asubuhi amemfunga miguu mwenyewe, akamtia kwenye boksi lenye matundu, wala hakutaka nimguse. Wewe una ua mpana na jirani yako wa karibu ni ng'ombe. Usimchinje, hata wageni wakija. Mfungulie kamba taratibu, umpe maji kwanza, ndipo mahindi.

Mfikishie wifi salamu zangu, na shangazi, na yule kitinda mimba wenu mwenye maswali mengi. Mungu awalinde, awape riziki na usingizi mnono kuliko wangu.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Fundi wa cherehani tupu

Tena, kaka: alfajiri ya kwanza atakapowika, mpigie mama simu. Sijamwambia. Akipokea usiseme neno, msogezee tu jogoo simu.