Sahihi ya Shemeji

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi, nyingi kuliko hata uvivu wangu wa kuandika, na huo unaujua tangu utotoni. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, goti limepoa, na mama bado anakugombeza kama msichana wa miaka kumi. Mimi sijambo, ila tumbo langu siku hizi hufika mlangoni kabla yangu. Wifi yako anasema kama si ndevu hizi, angekwishaanza kushona nguo za mtoto.

Uliniuliza kama kuna kitu cha marehemu kilichobaki kiwandani. Miwani na kikombe chake nimekufungia, utavipata. Kuna kingine, na hicho ndicho kimenikalisha mezani tangu asubuhi chai inapoa.

Sidhani kama shemeji aliwahi kukueleza kazi yetu. Maneno alikuwa nayo machache, na hayo machache nilimmalizia mimi. Kama ujuavyo, tunatengeneza madumu ya plastiki ya kubebea tindikali. Ila kabla aina mpya ya dumu haijaruhusiwa kupanda gari, madumu kumi na mawili hujazwa tindikali yenyewe na kufungiwa chumbani miezi sita. Plastiki ni kama binadamu, dada: leo inacheka na sumu, mwezi wa tano inaanza kulegea. Kila asubuhi, Jumapili ikiwemo, watu wawili huingia, huyakagua, kisha kila mmoja hutia sahihi yake daftarini. Sahihi moja ikikosekana, miezi inahesabiwa upya.

Tuligawana. Mimi nilikagua juu: vifuniko, mishikio, mabega. Yeye alikagua chini. Madumu yamekaa juu ya fremu ya chuma iliyoinuka kidogo, naye alitandika gunia, akalala ubavu na tochi, akapitisha mkono wenye glavu na kugusa kitako kimoja kimoja. Nilikuwa nikimtania kwamba ukijua anavyopapasa vitako kazini utadai talaka. Alinijibu kwamba heri yeye anayejua kuinama, kuliko mimi ambaye sijaonana na viatu vyangu tangu nioe. Wote pale kiwandani waliniita Kobe, lakini yeye peke yake aliniita jina hilo kwa upole.

Basi alipotutoka ghafla ile Jumapili jioni, tulikuwa mwezi wa tano. Jumatatu asubuhi, kabla sijaja msibani kwako, nilipita kiwandani kukagua. Msimamizi alinipa pole, akaahidi kunitafutia mwenzangu mpya, kisha akasahau. Nami sikumkumbusha. Hilo nitalirudia.

Siku kumi na moja baadaye homa ilinilaza. Siku tatu sikuinuka. Funguo za chumba ziko mbili tu: yangu, na ile ya marehemu uliyonikabidhi mwenyewe kwa mkono wako. Zote mbili zilikuwa chini ya mto wangu, na wifi yako ni shahidi, maana aliniuliza kama nalinda hazina ya mfalme. Nililala nikijua kwamba kazi ya miezi mitano imeharibika.

Siku ya nne nilirudi. Kufuli ilikuwa imefungwa kama nilivyoiacha. Nikafungua daftari, na zile siku tatu zilikuwa zimejazwa. Upande wangu palikuwa peupe. Upande wa shemeji, siku zote tatu, ilikuwapo sahihi yake, ile yenye mkia uliopinda kama ndoana. Kwenye nafasi ya maelezo alikuwa ameandika mara tatu, kwa mwandiko ule ule wa mtu asiye na haraka: namba saba, chini. Mara ya tatu aliongeza neno moja. Kobe.

Nilicheka, dada. Sijui kwa nini. Mtu hajafika hata mwezi kaburini, na tayari ananisimanga kwa utoro! Kisha nikaona gunia. Nilikuwa nimelikunja mwenyewe siku ya msiba na kuliweka juu ya rafu. Sasa lilikuwa limetandikwa sakafuni mbele ya namba saba, limebonyea katikati, pale anapolalia mtu ubavu. Chumba kile huwa na joto, na madumu hulia ko, ko, yenyewe kama mzee anayenyoosha viungo. Asubuhi ile yalikuwa kimya. Sijawahi kuwa mahali penye kimya kama kile, kimya cha mtu anayekuangalia aone utafanya nini.

Sasa nikuambie nililokuficha. Zile siku kumi na moja niliandika sahihi ya mumeo kwa mkono wangu. Ya kwanza niliiandika akiwa bado hajaoshwa. Nilijiambia ni ya siku moja tu, ili kazi yake isianze upya. Lakini kinachonisumbua si ile sahihi. Sahihi yake maana yake ilikuwa kwamba chini kumekaguliwa. Mimi sikukagua. Siku kumi na moja sikupiga goti hata mara moja, kwa sababu ya tumbo, kwa sababu ya mgongo, na kwa kweli kwa sababu gunia lile lilikuwa lake. Nilimfanya mtu ambaye hakuwahi kusema uongo katika miaka yake ishirini pale aseme uongo kila asubuhi, naye hana tena mdomo wa kukanusha.

Nililala juu ya gunia. Lilikuwa na uvuguvugu. Nikapitisha mkono chini ya namba saba, nikamulika. Kwenye kitako palikuwa na mstari mweupe, mwembamba kama unywele, umezunguka nusu ya dumu. Ningeubonyeza kwa nguvu, tindikali ingenishukia mkononi. Madumu kama yale yalikuwa yamekwishaagizwa kwa mamia, na msimamizi alikuwa akihesabu siku tu yapakiwe, yapite barabarani katikati ya watu.

Siku mbili sikusema. Nikisema, nafukuzwa, na jina la marehemu linachafuka pamoja na langu. Siku ya tatu nikambebea msimamizi daftari, nikamwambia kwamba siku kumi na moja ni mkono wangu na marehemu hana hatia. Akaamuru jaribio livunjwe na aina ile ya madumu isitengenezwe tena. Akaniambia nishukuru kwamba nimekuja mwenyewe. Kazi nimebaki nayo, ila Jumatatu tulianza siku ya kwanza na madumu mengine, yeye mwenyewe akiwa mwenzangu na ufunguo wa marehemu mkononi, na kulala chini ni zamu yangu. Kisha akauliza zile siku tatu ni mkono wa nani. Nikasema sijui. Akafunga daftari taratibu.

Nisamehe, dada. Kama huwezi sasa, nitangoja. Kungoja ndiyo kazi niliyosomea. Msalimu mama, mwambie nakula vizuri mno. Wifi yako anakukumbatia.

Siku hizi msimamizi hafungui mlango wa chumba kile kabla ya kupiga hodi. Hupiga mara moja, kisha husimama akisikiliza. Nami nyuma yake, na tochi mkononi, nasikiliza pia.

Ni mimi mdogo wako,
Kobe