Lango Nililolifunga Mwenyewe

Songo, Uvira
Jumatatu, mchana

Yaya wangu Sifa, dada yangu mkubwa,

Yambo kwako, na yambo kwa kila aliyeamka nyumbani kwako leo. Mguu wa mama umepungua uvimbe? Shemeji amepata nafuu ya mgongo? Mwanangu Neema bado anakohoa asubuhi? Nauliza huku najua kwamba majibu yatanikuta njiani, lakini siwezi kuanza barua bila kuwajulia hali.

Utashangaa kuona karatasi wakati namba yangu ya simu unayo. Yaya, simu nimeiogopa. Kwenye simu nimezoea kukudanganya, na ningekupigia leo ningekudanganya tena. Barua hii nampa mpishi wa boti ya kesho pale bandari ya Kalundu. Ameapa ataileta mpaka mlangoni kwako Kalemie, na mimi namwamini kwa sababu anaogopa mke wake, ambaye ni mlokole.

Kwanza habari ya msiba. Koko, yule bibi niliyekuwa naishi naye katika nyumba hii, mama mzazi wa patron, bosi wangu, alifariki Alhamisi, na Jumamosi tulimzika. Alikuwa amechoka. Asubuhi aliomba uji, akaunywa nusu, akaniambia niufunike atamalizia. Sijawahi kuona mwisho wa mtu ukawa mwepesi hivyo, na mpaka sasa nikipita chumbani kwake natembea polepole nisimwamshe.

Kila mara unaniuliza, "Hiyo kazi yako ni kazi gani?" na mimi nakujibu "umeme" ili tuendelee na mengine. Leo nikueleze vizuri. Ni kadi ndogo ya elektroniki, unaweza kuifunika kwa kiganja. Ukiiandikia programu kwenye kompyuta, inajitambulisha kwenye simu ya patron kama taa. Nyingine inajitambulisha kama pampu ya maji, nyingine kama komeo la lango. Patron akiwa kwake Ulaya anagusa jina kwenye simu, na huku Songo kitu kinatii. Zote kumi na moja za nyumba hii niliziandika mimi. Sikufundishwa na mtu, nilijifunza usiku na mchana kwa video na kwa kuunguza kadi za watu. Unajua nilivyo na kiburi nikifanikiwa. Ile siku taa ya Koko ilipowaka bila mtu kugusa ukuta, nilitembea humu ndani kama mke wa gavana.

Koko hakuipenda. Alikuwa anaitazama taa na kusema, "Mutoto wangu ananiwashiaka taa toka Ulaya, lakini kunisalimia anasahau." Mimi nilicheka. Sasa sicheki.

Lango ndilo lilikuwa kazi kubwa. Patron anaogopa wezi kuliko magonjwa. Alitaka lisifunguke kwa mtu yeyote mpaka yeye aguse simu yake. Nikamwambia tuweke angalau kitufe ndani, ukutani, akakataa: mwizi akiruka ukuta atakitumia kutoka na vitu. Alitaka pia kwamba umeme ukikatika na kurudi, kitu cha kwanza lango lijifunge na kungoja neno lake. Niliandika yote, mstari kwa mstari. Na tangu siku hiyo na mimi nikawa wa kungoja. Nikitaka kwenda sokoni namwandikia, "Naomba kutoka." Akiwa kwenye mkutano, sitoki. Sikukuu ya Pasaka nilisikilizia nyimbo za kanisa nikiwa nimesimama nyuma ya mabati ya lango, na sahani yangu mkononi.

Ndiyo maana nilikuambia patron amenifungia. Neema alipoanza shule nikakuambia hivyo. Mama alipoanguka nikakuambia hivyo.

Sasa sikiliza ya Jumamosi. Umeme ulikuwa umekatika tangu Alhamisi, na kwa bahati nzuri lango lilikuwa wazi wakati unakatika, likabaki wazi. Unajua mwenyewe, nyumba ya kilio haifungwi. Watu walikuwa wanaanzia kulia huko barabarani, wanaingia na vilio vyao mpaka kwa maiti, hakuna anayebisha hodi. Patron alikuwa ameshapanda ndege. Familia ilimngojea, lakini kwa joto hili na bila umeme wa kumhifadhi hospitalini hawakuweza kungoja zaidi. Wakaamua kuzika saa tisa. Vijana wa ukoo wakaenda kuchukua jeneza kwa seremala.

Saa nane hivi umeme ukarudi. Watoto wakapiga kelele kama kawaida yao, "Moto imerudia! Moto imerudia!" na mimi nikasikia lango linatembea. Yaya, nilijua kabla sijageuka. Lilisukuma jiwe tuliloliegemeza, likasukuma na benchi walilokalia wazee, likajifunga, komeo likaingia. Dakika tano baadaye vijana wakafika na jeneza begani. Jeneza nje, maiti ndani.

Walianza kupiga bati. Mtu akazima umeme, lakini komeo lile likishaingia haliondoki kwa kuzimiwa umeme. Simu ya patron ilikuwa imefungwa, yuko mawinguni. Mzee mmoja akasema basi walipitishe jeneza juu ya ukuta, na kulirudisha hivyohivyo na marehemu ndani yake. Tantine Régine, dada wa patron, mama mnene mwenye sauti, akasimama katikati ya kiwanja na kitenge kimemlegea:

"Mama yangu hatapita juu ya ukuta sawa mali ya mwizi! Nani alitengenezaka hii kitu?"

Kila mtu akanitazama. Nikasema, "Ni minye, tantine."

"Ni weye? Basi fungula!"

Nikasema lazima patron aguse simu. Nilisema hivyo, yaya, mbele ya maiti, kama mashine. Tantine akanikaribia, akashusha sauti:

"Binti yangu, minye sikuulize patron. Nakuuliza weye uliyeitengeneza. Unaweza ao hauwezi?"

Nikaingia kuchukua kompyuta. Wakawasha umeme tena. Nikachomeka waya kwenye kadi ya lango, nikafuta mistari minne, nikaituma programu upya. Komeo likatoka. Ilichukua muda mfupi kuliko wa kumenya ndizi. Vijana wakaingia na jeneza, wanawake wakapandisha vilio, na mimi nikabaki nimepiga magoti na waya mkononi. Tantine alisimama juu yangu.

"Kumbe ulikuwa unaweza?"

"Ndiyo, tantine."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Na minye niko nakuona mwaka muzima unaombaka ruhusa ya kwenda ku soko!" Hakunigombeza. Alinitazama tu kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kofi. Nilimlilia Koko siku ile, lakini nusu ya machozi yalikuwa yangu mwenyewe.

Jioni patron akapiga simu kutoka uwanja wa ndege alikobadilisha ndege. Simu yake ilikuwa imemwonyesha lango liko wazi, na neno lake la kwanza lilikuwa: "Nani amefungua lango?" Nikamjibu ni mimi, tulikuwa tunamtoa mama. Halafu nikasikia mtu mzima analia kati ya matangazo ya safari za watu wengine, na sikujua nikate simu au nisikate.

Alifika jana. Amekonda, anaketi baraza bila viatu. Aliniita akaniambia kwa upole, "Mapendo, rudisha lango kama zamani. Nikiondoka, nani ataniangalilia nyumba? Baki mwaka mmoja tu." Angefoka ningeweza kumkatalia. Upole wake ulitaka kuniangusha. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema ndiyo, papa. Nikasema hapana, papa, mtoto wangu amekuwa mkubwa bila mimi. Akainamisha kichwa. Lakini leo asubuhi nimeweka kitufe ndani, ukutani, cha kubonyeza kwa kidole, na hakunikataza.

Usidhani nimepona. Leo saa nne nilitaka kwenda Kalundu kuandikisha jina langu kwa karani wa boti. Nilifika langoni. Lilikuwa wazi kabisa, kuku wa jirani wanapita. Nikasimama, nikatoa simu, nikaanza kuandika, "Naomba kutoka." Patron alikuwa amekaa nyuma yangu, hatua kumi. Nilisimama pale mpaka mama mmoja muuza samaki wa ndagala akaniuliza kama nangoja mtu. Ndipo nikatoka.

Nisalimie mama yetu, mwambie asisimame jikoni. Nisalimie shemeji, baba wa watoto wako, aliyembeba Neema mgongoni kama wake. Nisalimie kaka Byaombe, fundi viatu wetu, na mwalimu wa Neema ambaye simjui sura. Tantine Régine naye anakusalimia, amesema wewe ni ndugu yake tangu Jumamosi.

Yaya, nimebakiza moja. Neema alikuuliza nani amemfungia mama, na wewe ukamjibu ni patron, kwa sababu ndivyo nilivyokuambia. Umrekebishie. Mwambie hakuna aliyenifungia. Niliogopa kurudi nyumbani mikono mitupu, nikaona afadhali nionekane nimekatazwa. Mwambie maneno hayo hayo, usiyapambe, ana miaka sita, ataelewa kuogopa. Nafika na boti ya Ijumaa. Akikataa kuja bandarini, usimlazimishe. Nitakuja mimi mpaka mlangoni, nibishe hodi, na yeye ndiye atakayeamua kufungua.

Mdogo wako anayekupenda,
Mapendo