Filamu ya Deo Imekosa Mchawi

Baba Deo wangu,

Naomba kadi hii ikukute mzima huko Kasanga. Huku Katandala kuna baridi ya kugonganisha meno.

Filamu ya mwanao bado iko midomoni tu, kamera hata moja sijaiona. Hadithi ilikuwa ya mimi na shamba letu la ulezi, nikafurahi. Jana mfadhili akapiga simu kutoka Dar: filamu ya Sumbawanga bila mchawi nani atainunua? Basi Deo na wenzake wakanigeuza mchawi palepale, huku wanasubiri ugali wangu!

Nikaishika sufuria ya migebuka. "Wanangu, mimi naimba kwaya. Nikiwa mchawi, kanisani nitaingiaje?"

Deo akacheka. "Mama, ni maigizo tu."

"Haya, na hawa samaki ni wa maigizo. Igizeni kula."

Kabla sijapakua nikawa mkunga, tena mcha Mungu.

Ila mchawi sasa ni wewe, mume wangu. Nimekutetea sana, lakini walikuwa wameshashiba. Waambie mapema ndugu wa jumuiya, wasije wakashtuka. Ujifunike vizuri, nakuombea kila jioni, mchawi wangu.

Mkeo, Mama Deo