Kinobu cha Chaneli ya Nne

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii, ila mkono umezoea kuanza hivyo.

Hapa nyumbani tupo. Mama anakula kidogo. Ng'ombe amezaa, ndama jike. Watu wananiuliza kama nimeshalia, nawaambia bado, wanatazamana. Ndani kumekufa ganzi tu.

Siku ya mazishi yako kamati ilikodi vyombo vya sauti kutoka Pasua, maana nilikataa miksa yako, ile mashine ya kuchanganyia sauti, iguswe. Kijana aliyekuja akawasha spika kwanza, miksa baadaye. Ikalia "paa!" mpaka mchungaji akaruka. Nikakusikia kabisa ukisema, "Spika inawaka mwisho, inazimwa kwanza." Hicho ndicho ninachokikumbuka siku ile. Mahubiri sikuyasikia.

Miksa ilibaki kwenye stoo ya kahawa vilevile ulivyoiacha, mablanketi ukutani, maiki kwenye stendi, waya umeingia kwenye kompyuta. Wimbo wa kwaya uliokuwa ukiurekodi ulikuwa umebaki sauti ya besi tu, na tangu yule mwenzako ahamie Kahe, besi ulikuwa wewe peke yako. Ulisema kifua kikitulia utaimba. Jioni moja ukaingia humo peke yako, ukajaribu sauti yako kwenye chaneli ya nne, ukatoka ukafunga mlango. "Asiguse mtu," ulisema. Sikugusa, Baba. Hata vumbi nilifuta pembeni pembeni.

Mwalimu wa kwaya alikuja mara ya kwanza kunipa pole, mara ya pili kuniuliza. Wanautaka wimbo kwa sikukuu ya mavuno. Akasema Baba Upendo, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, anaweza kuimba besi. Nilikasirika. Nikamwambia ufunguo wa stoo sijui uko wapi, na ulikuwa mfukoni mwangu. Mgeni alipoondoka Mama akasema, "Aikande, baba yako hajawahi kuacha kazi ya watu njiani." Basi, nikakubali.

Jumamosi Baba Upendo akaja amevaa koti la kanisani, utadhani anaenda kubariki ndoa. Nikamkatia ng'ombe mgomba kwanza asije akalia katikati ya ubeti, kama ulivyokuwa ukinituma. Nikawasha, nikavaa hedifoni, nikamwambia aimbe. Sikugeuza kitu. Nilitaka angalau aimbe kwenye vipimo vyako.

Taa nyekundu ya miksa, ile ya kuonya kwamba sauti imezidi, ikawaka papo hapo. Sauti ikakwaruza masikioni mpaka nikavua hedifoni. Nikadhani nimeunganisha vibaya. Nikakagua waya, nikakagua maiki, vyote vilikuwa sawa. Ndipo nikaangalia geini, kile kinobu cha juu cha kuongeza sauti inayoingia. Ulikuwa umekizungusha karibu mpaka mwisho.

Wewe, Baba! Wewe ambaye kanisani tulikuwa tunakuweka mbali na maiki usije ukawafunika wenzako. Baba Upendo si mtu wa sauti kubwa, na bado kwake ilibidi nikirudishe zaidi ya nusu.

Kwa hiyo ulijua. Jioni ile ulijisikia mwenyewe humo ndani, ukaona sauti haiji, ukaongeza, ukaongeza tena. Kisha ukatoka, ukakaa kula mtori na sisi, ukatuambia ni kikohozi cha baridi. Na sisi tukaamini, kwa sababu ulitaka tuamini. Ungeniita, Baba. Ningekushikia maiki hata kwa mstari mmoja. Nimekukasirikia, na sina pa kuipeleka hasira hiyo isipokuwa hapa.

Nilikigeuza kinobu chako. Baba Upendo akaimba tena, vizuri. Wimbo utakuwa tayari kwa mavuno, hilo usiwe na wasiwasi nalo.

Nakuaga sasa, Baba. Lala salama huko mgombani tulikokuzika. Mama ameanza kukohoa asubuhi, anasema ni baridi tu. Jumatatu nampeleka hospitali, atake asitake.

Mwanao,
Aikande